Kupima Nyumba Yenye Watoto wa Kambo



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike juu ya kazi yangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule hii sikupata kusikia kwamba iko kazi ya namna hiyo, naye aona kuwa huenda wengi wenu hali kadhalika hamjaisikia. Nimekubali, ila kwa sharti moja: sitaieleza kazi yote ya Afisa Ustawi wa Jamii, maana haina mwisho. Nitachukua sehemu moja tu, nayo ni ile ya kupima nyumba baada ya wazazi kuachana na kuoa au kuolewa tena, hata ikawa chini ya paa moja mna watoto wa baba huyu, watoto wa mama yule, na mtoto mchanga ambaye ni wao wote wawili. Nyumba za namna hii ni nyingi katika mji wetu, toka Kibirizi mpaka Ujiji, na bila shaka wengi mnaosoma maneno haya mwatoka katika nyumba hizo. Wala si jambo la aibu.

Wazee waliosoma miaka ya 1960 watamkumbuka Bwana Maendeleo na Bibi Maendeleo, waliopita mitaani na vijijini wakifundisha kusoma, kushona na usafi wa nyumba. Afisa Ustawi wa Jamii si yeye, ijapokuwa watu huwachanganya mpaka leo, na mara nyingi nimebishiwa mlango kwa kudhaniwa nimekuja kukagua vyoo. Kazi hii ina mafunzo yake; Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Dar es Salaam iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1973, na wengi wetu tumepitia huko.

Basi, kupima nyumba ni nini? Kwanza niseme kisivyo. Si kutafuta nani aliyevunja ndoa. Jambo hilo likifika kwangu huwa limekwisha zungumzwa mbele ya Baraza la Usuluhishi la kata au la dini, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 itakavyo kabla shauri la talaka halijaingia mahakamani, na limekwisha zungumzwa tena na hakimu, na tena na majirani kila siku kisimani. Mimi naulizwa swali moja tu: watoto hawa wakae wapi, na nani, na watunzweje, ili wapate kukua vyema? Sheria hiyo ya 1971 yasema kwamba katika shauri la watoto jambo kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto mwenyewe, na kwamba mahakama, kila iwezekanapo, itake shauri la mtu mwenye mafunzo au uzoefu wa malezi ya watoto. Lakini mahakama hailazimiki kulifuata. Nataka mlikumbuke hilo, maana watu hunijia na kuku na mafuta ya mawese wakidhani mimi ndiye nigawaye watoto. Kuku huyo hurudi nyumbani kwake.

Ikafuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo kwayo mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria hii yampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Wazazi wakiachana, ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu kama alivyokuwa akipata kwanza, na haki ya kumtembelea yule mzazi asiyekaa naye na kulala kwake, maadamu masomo hayaharibiki. Sheria zote mbili zachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 yafaa akae na mama yake, lakini hilo laweza kukanushwa kwa ushahidi. Watu wengi hukosea hapa. Akina baba wengi husema, "Namngoja afike saba, siku ya pili nakuja kumchukua." Hakuna sheria isemayo hivyo. Mtoto akifika miaka 7 hageuki mzigo wa kuhamishwa kama gunia la dagaa. Mahakama huangalia pia madhara ya kumwondoa mtoto mahali alipozoea.

Sasa nitasimulia shauri moja. Ili nisimtoe mtu hadharani, nimechanganya nyumba kadha wa kadha zikawa mbili, nikabadilisha umri na kazi za watu. Msipoteze muda kutafuta ni akina nani, maana hawapo. Lakini mambo yenyewe yametukia, na makosa nitakayoyasimulia ni yangu mwenyewe.

Nyumba ya kwanza iko Mwanga. Humo yumo mama mmoja afanyaye biashara ya dagaa, aliyeachana na mume wake wa kwanza miaka minne iliyopita. Ameolewa na fundi seremala aliyefiwa na mke. Fundi ana vijana wawili wa kiume, mmoja miaka 16 na mmoja 12. Mama alikuja na mabinti wawili, mmoja miaka 14 naye ni mwanafunzi wa sekondari, mwingine miaka 5. Pamoja wamezaa mtoto wa kiume ambaye wakati huo alikuwa na miezi 8. Nyumba ya pili iko Ujiji. Humo yumo yule mume wa kwanza, mvuvi, pamoja na mama yake mzazi aliye mzee, mke mpya aliyetoka upande wa Kalinzi, mtoto wa kike wa miaka 7 aliyekuja na huyo mke, na mvulana wa miaka 10, ndugu wa wale mabinti wawili wa Mwanga. Hesabuni: nyumba mbili, watoto saba, na kati yao mko kila namna ya undugu.

Baba alikuwa amepeleka maombi mahakamani apewe watoto wake wote watatu. Alisema binti yake amekuwa mkubwa, wala haifai alale nyumba moja na kijana wa miaka 16 ambaye si ndugu yake wa damu. Mama naye akajibu kwamba baba hajatoa fedha za matunzo kwa miezi mingi, na kwamba mvulana wake wa Ujiji anateswa na mama wa kambo, hapewi chakula cha kutosha. Hivyo yeye ndiye apewe wote watatu. Hakimu akataka taarifa kutoka ofisi yetu. Nilikuwa mgeni kazini, nikapewa faili.

Jambo la kwanza tufanyalo ni kuchora. Hili nanyi mwaweza kulifanya darasani kwa kalamu na karatasi. Mwanamume huchorwa kwa mraba, mwanamke kwa duara, na umri wa kila mtu huandikwa ndani yake. Walioana huunganishwa kwa mstari. Wakiachana, mstari huo hukatwa kwa vistari viwili vya mshazari. Watoto hushuka chini ya mstari wa wazazi wao, mkubwa kushoto, mdogo kulia. Kisha huzungushwa duara kubwa kuwazingira wale wakaao nyumba moja. Mchoro huu wa ukoo waonyesha kwa mara moja jambo ambalo kwa maneno lingechukua ukurasa mzima. Mimi nilipomaliza wa kwangu niliona yule binti wa miaka 14 amekaa katikati kabisa: yeye na mdogo wake wa miaka 5 ndio pekee walio na ndugu wa damu katika nyumba zote mbili, ndugu wa mama mmoja, na ndugu wa kambo kote kuwili. Niliona, lakini sikutafakari.

Uko mchoro wa pili, ambao mwanamke mmoja wa Marekani, Ann Hartman, aliutunga mwaka 1975. Nyumba huwekwa katikati, na kuizunguka huchorwa yale yote yaigusayo kutoka nje: shule, msikiti au kanisa, zahanati, kazi, bibi na babu, mwenye nyumba. Mstari mnene maana yake ni uhusiano wenye nguvu; mstari wa nukta nukta, uhusiano dhaifu; mstari wenye miiba, ugomvi. Nilichora nao, ila mstari wa kwenda shuleni niliuchora mnene kwa kudhani tu, bila kwenda shuleni kuuliza.

Kisha nikaenda kuzitembelea nyumba. Nilituma habari kwanza, kama adabu itakavyo, nikafika Mwanga siku ya Jumamosi saa nne asubuhi. Nilikuta nyumba imefagiliwa hata uani. Fundi alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti alichokitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimekuja na swali la baba kichwani, yaani swali la kulala, kwa hiyo nikaomba kuona vyumba. Vijana walilala chumba cha mbele. Mabinti walilala chumba cha nyuma chenye mlango imara na komeo la ndani, ambalo fundi alilitia kwa mkono wake siku ile alipowaleta. Vyandarua vilikuwapo. Nilimwuliza binti yule, mbele ya wote, kama ana tatizo lolote. Akajibu, "Hapana, mwalimu." Aliniita mwalimu, nami sikumsahihisha. Nikaandika: hali ya nyumba ni nzuri sana.

Alasiri nikaenda Ujiji. Mvulana alikuwa anacheza mchangani bila viatu, mwembamba. Alilala juu ya mkeka katika chumba cha bibi yake. Baba alizungumza sana. Mama wa kambo alikuwa anaanika dagaa. Nilipomwuliza maswali alijibu neno moja moja, wala hakuniangalia usoni. Nikaandika: mama wa kambo haonyeshi upendo kwa mtoto, inashauriwa mtoto aondolewe.

Mkubwa wangu wa kazi aliisoma rasimu ile kwa kalamu nyekundu. Alipofika kwenye neno "upendo" alipiga mstari, akaniuliza: "Upendo uliuona wapi ukikosekana? Umemwona akifanya nini?" Nikasema hakunichangamkia. Akasema, "Ulikwenda kupima kama anakupenda wewe?"

Nawaambieni nilikasirika. Lakini alikuwa na haki. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mwaka 1917, mwanamke mwingine wa Marekani aitwaye Mary Richmond alitoa kitabu kikubwa juu ya namna ya kukusanya ushahidi katika kazi hii, na fundisho lake kubwa ni hilo hilo: kutenga kile ulichokiona kwa macho, kile ulichoambiwa, na kile unachokidhani. Mimi nilikuwa nimevichanganya vyote vitatu, na juu yake nikaongeza hadithi zote za mama wa kambo nilizosimuliwa nikiwa mtoto. Nani kati yetu hakukua kwa hadithi ya yatima na mama wa kambo? Hadithi hizo ni tamu jioni, lakini ukiingia nazo katika nyumba ya mtu zinakufunga macho. Nikarudishwa kwenda kuanza upya.

Safari hii nilianzia shuleni. Mwalimu wa darasa wa yule binti alinifungulia kitabu cha mahudhurio. Katika muhula ule binti alikuwa amechelewa karibu kila siku, na siku nyingine hakuwapo kabisa. Mwaka uliotangulia alikuwa wa 6 darasani. Sasa alikuwa wa 31. Mwalimu alisema, "Kipindi cha pili analala. Nilidhani ni utoro wa ujana." Mstari wangu mnene ukageuka wa nukta nukta pale pale.

Kisha nikaenda Mwanga saa kumi na mbili jioni, bila kutuma habari. Nilipiga hodi, sauti ya binti ikaitika. Alikuwa jikoni, mtoto mchanga yuko mgongoni, mkono mmoja unasonga ugali wa muhogo, na mdogo wake wa miaka 5 ameshika upindo wa sketi yake, ambayo ilikuwa bado sare ya shule. Sombe ilikuwa motoni. Ndoo tano za maji zilikuwa zimepangwa ukutani. Vijana wawili walikuwa barazani wakisikiliza mpira redioni. Mama yao hakuwa amerudi Kibirizi. Dagaa waliokuja siku ile walikuwa wengi, na biashara haimngojei mtu. Fundi alikuja akanisalimu kwa furaha, akamsifu binti kwa moyo safi kabisa: "Huyu mtoto ni hodari! Tangu waje, nyumba yangu imekuwa nyumba tena." Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa hajaona.

Siku ya pili niliomba ruhusa kwa mama yake na kwa shule, nikazungumza na binti peke yake, chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya walimu, mahali paonekanapo na watu lakini pasiposikika. Hapa pana ufundi ambao ningependa walimu na wazazi waujue. Mtoto haulizwi, "Unampenda nani zaidi, baba au mama?" Swali hilo ni kisu, jibu lolote atakalotoa litamkata. Wala haulizwi, "Unataka kukaa wapi?" mara tu mketipo. Anaulizwa juu ya siku yake: anaamka saa ngapi, nani huamka kabla yake, anakula nini, na nani, anasoma saa ngapi, anapolala nani bado yuko macho. Na liko swali moja ambalo mimi sikosi kuliuliza: "Ukiugua usiku, unamwamsha nani?"

Kabla ya yote nilimwambia ukweli, kwamba siwezi kumwahidi siri, maana nikisikia jambo lenye kumdhuru itanibidi kulisema kwa hakimu. Hili pia ni la lazima. Mtu mzima anayemwahidi mtoto siri kisha akaivunja amemfungia mlango wa kusema tena kwa mtu yeyote.

Alinisimulia siku yake. Aliamka saa kumi na moja kasoro, akachota maji, akapika uji, akamwogesha mdogo wake, akamwacha mtoto mchanga kwa jirani, ndipo akaenda shule. Jioni mmeiona. Alipika kwa watu saba. Vitabu alivifungua saa nne usiku, wengine wakiwa wamelala. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mama yake. Akanyamaza muda mrefu, akichora kwa kidole cha mguu mchangani. Kisha akasema, "Nikisema, mama ataona nawachukia wale. Watagombana. Ataachwa tena."

Nilikuwa nimekuja kutazama komeo la mlango. Komeo lilikuwa zima, na kijana wa miaka 16 hakuwa amemfanyia lolote baya. Nililiuliza hilo kwa uangalifu, na kwa njia zaidi ya moja, kwa kuwa ni jambo la kuulizwa na halipaswi kupuuzwa kamwe. Lakini mzigo uliokuwa ukimvunja haukuwa katika barua ya baba wala katika jibu la mama. Wote wawili walikuwa wakigombana juu yake, na hakuna aliyemwuliza anaamka saa ngapi.

Ujiji nilirudi alfajiri, pamoja na mwenzangu ajuaye Kiha. Hapo ndipo nilipotambua upumbavu wangu wa kwanza. Yule mama wa kambo alikulia kijijini. Kiswahili chake kilikuwa cha shida, na jirani alikuwa amemtisha kwamba maofisa huja kumtega mtu kwa maneno. Alipoulizwa kwa lugha yake alizungumza kama maji ya Malagarasi. Mvulana ana pumu. Huyo mama ndiye aliyeitunza kadi yake ya kliniki, ndani ya mfuko wa nailoni juu ya boriti, usilowe mvua. Alijua ni chakula gani na moshi gani humwanzishia ugonjwa. Kwa sababu hiyo alimhamisha mvulana kutoka chumba kilicho karibu na jiko akamlaza kwa bibi, na mkeka alichagua mwenyewe mvulana kwa kuwa bibi huamka mara kwa mara usiku naye hapendi kumsumbua. Wembamba ulikuwa wa ugonjwa. Nilipomwuliza mvulana, "Ukiugua usiku unamwamsha nani?" hakufikiri hata kidogo. "Mama mdogo. Baba usiku yuko ziwani, na bibi hasikii vizuri."

Bibi mwenyewe, nilipomwamkia shikamoo na kumwinamia sikioni, aliniambia, "Marahaba, mwanangu. Waulizeni watoto usiku. Mchana kila mtu ni mzazi."

Likabaki suala la fedha. Mama alisema kweli kwamba baba hajatoa matunzo, na baba alisema kweli kwamba hakuwa nayo. Mwajua nyote uvuvi wa ziwa letu ulivyo: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikija mitumbwi hulala ufukoni. Mapato ya mvuvi hayaendi kwa kalenda ya mshahara, yanakwenda kwa mwezi wa angani. Tena mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na miezi ile mitatu ilikuwa ndani ya hesabu ya deni lake. Amri iliyopo ilimtaka alipe tarehe ya kwanza ya kila mwezi, tarehe ambayo mara nyingi ilimkuta hana hata senti moja. Akishindwa mara ya kwanza huona haya, akiona haya hupotea, akipotea huitwa baba mbaya. Hata hivyo sikumwachilia. Katika giza zuri alikuwa na fedha, na nilijua alinunua redio kubwa wakati binti yake anadaiwa viatu vya shule. Hilo nililiandika pia.

Wengine waliuliza: je, fundi halazimiki? Sheria ya Ndoa yasema mwanamume aliyempokea mtoto asiye wake kuwa mmoja wa nyumba yake ana wajibu wa kumtunza, kwa kadiri baba na mama wa mtoto washindwavyo. Kwa hiyo yumo, lakini si kwa kumfutia baba wajibu wake.

Kabla sijaandika taarifa niliwaomba watu wazima wote wanne, pamoja na bibi, wakutane nami. Nilikuwa na shida moja: nimsemee binti bila kumtia katika ugomvi alioogopa. Basi sikutumia maneno yake hapo kwanza. Nilisoma tarehe za kitabu cha mahudhurio, kisha nikaeleza nilichokiona kwa macho yangu saa kumi na mbili jioni, ndoo kwa ndoo. Mama alilia. Fundi aliinama kitambo, akasema, "Mbona hamkuniambia?" Baba akataka kusimama aseme kwamba ndilo alilolisema siku zote, bibi akamvuta kanzu, akaketi.

Katika taarifa nilishauri hivi. Binti mdogo wa miaka 5 abaki na mama yake. Binti mkubwa abaki Mwanga, iliko shule yake, lakini kazi za nyumbani zigawanywe upya, vijana wachote maji na kuosha vyombo, na saa moja mpaka saa tatu usiku iwe ya kusoma kwake bila mtoto mgongoni. Na ofisi yetu ije kutazama. Mvulana abaki Ujiji kwa yule anayemwamsha usiku. Wale ndugu watatu walale pamoja mwisho wa kila juma, mara Mwanga mara Ujiji, na likizo zigawanywe nusu kwa nusu. Baba alipe matunzo kwa simu kila giza linapokwisha, kiasi kidogo kidogo katika deni la nyuma, na ziwa likifungwa aje mahakamani kusema mapema badala ya kupotea.

Hakimu alikubali karibu yote. Jambo moja hakulikubali: mwisho wa kila juma aliona ni mara nyingi mno kwa mtoto mwenye pumu kuhamahama, akaweka mara mbili kwa mwezi. Nilidhani alikosea. Sasa sijui, mvulana hakuugua mara nyingi mwaka ule, na binti alisema siku zile mbili walizingojea kama sikukuu.

Nilirudi Mwanga baada ya miezi mitatu, jioni, bila habari. Mama alikuwa amechelewa Kibirizi kama kawaida yake. Baba wa Ujiji alikuwa amelipa magiza mawili na kukosa moja, akaja mwenyewe kusema amekosa. Binti alikuwa ndani anafanya hesabu. Kutoka wa 31 alikuwa amefika wa 19, si mahali pa kupigiwa ngoma, ila kipindi cha pili halali tena. Mtoto mchanga alikuwa mgongoni kwa fundi, amefungwa kwa kitenge, fundi anapiga randa polepole asimwamshe. Na yule kijana wa miaka 16 alinisimamisha mlangoni, ndoo kichwani, akaniuliza kama ni mimi niliyeandika ile karatasi. Nikasema ndiyo. Akasema hakujua kwamba kutoka kisimani mpaka nyumbani ni mbali hivyo.

Yeyote kati yenu aliye na mzigo kama wa binti yule, aende kwa mwalimu anayemwamini, au afike ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, au apige simu namba 116, ambayo ni ya watoto na haina malipo. Akifika ofisini, aseme anaamka saa ngapi, tutaanzia hapo.